Kuhifadhi kazi za Mwalimu wa kwaya: leja, kinanda cha miguu na kaseti (Mwanza, 2025)

Shajara hii ni ya kwaya yoyote ambayo mwalimu wake amezeeka, au amezikwa majuzi, na nyimbo zake bado ziko kwenye masanduku. Ukitaka kunakili tulichofanya, nakili. Ukitaka kukwepa pale tulipojikwaa, napo nimepaandika.

Mwalimu alipiga kinanda na kufundisha kwaya katika parokia yetu, upande wa Ilemela, kuanzia miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2024. Mchana alikuwa karani wa pamba kwenye ushirika. Jina lake silitaji, familia imependa iwe hivyo, na kwa kweli hata paroko alimwita Mwalimu tu.

Kazi tunaifanya watatu: mimi naimba besi na riziki yangu ni kutengeneza simu na redio, katibu wa kwaya, na kijana mmoja wa chuo anayesomea kompyuta. Lengo la mwanzo lilikuwa kitabu kimoja chenye nyimbo zake zote, kila wimbo kwa toleo lake sahihi, kiwe tayari kwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Novemba 22. Hilo neno "sahihi" limetutoa jasho kuliko kitu kingine chochote.

8 Februari 2025: Kukusanya

Tumeanzia kwa mjane wake, ambaye kwaya nzima inamwita Mayu.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, wanangu. Mmekuja kuchukua karatasi za mzee, au kuzitazama?"

"Kuzipiga picha tu, Mayu. Hazitoki hapa."

"Haya, kaeni. Maana walishakuja wengine wakasema wanaazima."

Sharti likawa hilo: kazi yote ifanyike sebuleni kwake. Tuliona ni usumbufu, kumbe ndiyo salama yetu. Kila ukurasa unaofunguliwa Mayu anauchungulia, na mara nyingi anajua uliandikwa msimu gani na nani alikuwa anasumbua kwenye mazoezi.

Ndani ya sanduku la bati zilikuwamo leja 19 za pamba, daftari za orodha za nyimbo za kila Dominika tangu 1974, na karatasi za stensili zilizogandana. Leja ndizo hazina. Zina safu nyembamba zilizochapwa kwa mistari myekundu: kilo, bei, makato, jumla. Mwalimu alizigeuza. Mistari ya wima iliyokuwa ya kutenga shilingi na senti akaifanya ya kutenga mapigo, na kila safu nne za ulalo zikawa sauti nne. Kuna ukurasa ambako upande wa kushoto mkulima bado anadai malipo ya kilo 212 za pamba safi, na upande wa kulia besi wanaingia peke yao kwa *do* ndefu. Wino wa nyimbo ni wa bluu. Juu yake, hapa na pale, kuna maandishi madogo ya kalamu nyekundu. Siku hiyo hatukuyatilia maanani.

Stensili zilizogandana tumeziacha kwanza. Msizibandue kwa nguvu. Tumezitia katikati ya magazeti na kuweka ubao juu, baada ya wiki kadhaa nyingi ziliachia zenyewe.

1 Machi 2025: Picha, na wino mwekundu

Kifaa cha kupigia picha ni stuli iliyotobolewa katikati, simu juu, ukurasa chini, taa mbili za pembeni zikiwa zimeinamishwa ili zisitoe mng'ao. Gharama: 22,000, karibu zote za taa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuipa kompyuta isome yenyewe. Halikufika popote. Nota za herufi, alizozieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ni herufi saba (d, r, m, f, s, l, t) na alama za uandishi: nukta mbili hutenga mapigo, nukta moja hukata pigo katikati, kistari hurefusha sauti, kialama kidogo juu au chini ya herufi huonyesha oktava. Programu ya kusoma maandishi ikaona nukta na vistari ikadhani ni uchafu wa karatasi, ikaufuta kwa bidii. Kilichobaki kilikuwa herufi tupu bila mwendo. Anayepanga kazi hii ajue mapema: nota za herufi zitachapwa kwa mkono, na achapaye awe mwanakwaya.

Jaribio la pili lilifanikiwa, na ndilo lililotuumiza. Mistari myekundu ya leja ilikuwa inachanganya macho. Kijana wetu akaeleza kwamba picha ya rangi ina tabaka tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kwamba ukitazama tabaka nyekundu peke yake, kitu chekundu kinaonekana cheupe sawa na karatasi, wakati wino wa bluu unabaki mweusi. Akafanya hivyo kwa leja nzima. Kurasa zikatoka safi, mistari imetoweka, nota zinasomeka vizuri. Tukafurahi, tukaendelea na leja nyingine na daftari za Dominika.

Mayu ndiye aliyeuliza. Alikuwa anaangalia kwenye kompyuta orodha ya Pentekoste, tarehe 26 Mei 1996. Akasema, "Siku ile haikuimbwa hivi." Tukafungua daftari lenyewe. Jumanne ya wiki ile, tarehe 21, meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama ikikaribia Mwanza. Kwenye picha yetu safi ilionekana Pentekoste ya kawaida, wimbo wa kuingia wenye ngoma, wa shukrani wenye kayamba na vigelegele. Kwenye daftari, nyimbo zote mbili zimepigwa mstari mwekundu, na pembeni, kwa wino uleule, Mwalimu ameandika: "Ngoma hapana. Kinanda taratibu. Waimbe waliopo, waliofiwa wasiitwe."

Tulikuwa tumeufuta wino mwekundu pamoja na mistari.

Dawa: picha zote zimepigwa upya kwa rangi kamili na kuhifadhiwa bila kuguswa. Nakala iliyosafishwa inatumiwa na mchapaji tu, kwenye nusu ya kioo cha kompyuta, na nusu ya pili lazima iwe na picha ya rangi. Kazi imerudi nyuma sana, lakini sasa tunajua kwamba wino mwekundu ndio sauti ya Mwalimu akiwa mazoezini. Wa bluu ni wa mezani kwake usiku.

12 Aprili 2025: Kinanda cha miguu

Kinanda cha zamani, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilikuwa nyuma ya sakristia tangu kinanda cha umeme kiliponunuliwa. Tumechagua kukifungua wakati wa Kwaresima kwa sababu msimu huo kinanda hakipigwi peke yake kanisani, kinasindikiza tu waimbaji, na cha umeme kinatosha.

Kusafisha kulichukua muda mrefu na hakuna la kusimulia: vumbi, karatasi za pipi, rozari moja. Vitufe vilivyovimba kwa unyevu vimekwanguliwa pembeni kidogo na msasa laini. Noti kadhaa zilikuwa bubu na tuliamini ndimi zake, vile vipande vyembamba vya shaba vinavyotoa sauti, zimevunjika, tukaanza kuulizia mtu wa kuzichonga. Hazikuwa zimevunjika. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani ya vyumba vyake. Zilipotolewa kwa ndoano ya waya na kupigwa brashi kavu, zikalia. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, chungulia na tochi.

Mivukuto, ile mifuko ya kusukuma hewa, ndiyo ilisumbua. Kitambaa cha asili kilikuwa kimekauka na kupasuka kwenye mikunjo yote. Tulijaribu kwanza kitambaa cha mwavuli: kinakunjika vizuri lakini kinapitisha hewa, unakanyaga hadi goti linauma na sauti haitoki. Tukajaribu turubai jepesi, 12,000. Hewa halipitishi, ila ni gumu, mvukuto haukunjiki mpaka mwisho. Aliyetutoa ni muuguzi mmoja wa sauti ya pili. Akauliza kwa nini hatununui mpira wa wajawazito, ile makintoshi wanayoambiwa waende nayo kujifungua. Inauzwa kwenye maduka ya dawa jirani na hospitali ya Bugando, 9,000 kwa mita. Mita mbili zilitosha. Ni nyepesi, inakunjika na haivuji. Muuzaji alitazama wanaume watatu wenye tepu ya fundi cherehani wakibishana kuhusu mikunjo, akatupa pole ya uzazi.

Gundi: ile ya haraka inayokauka kwa sekunde inakuwa ngumu na kukatika kwenye mkunjo. Gundi nyeupe ya mbao imeshika vizuri kwenye ubao, na kwenye mikunjo tumetumia gundi ya mafundi viatu. Gundi zote 8,000.

Halafu likaja suala la sauti. Kinanda kiko chini kidogo ya kile cha umeme, na vikipigwa pamoja vinaleta mtetemo mbaya. Fundi mmoja tuliyemlipa 20,000 ya ushauri alitaka kukwangua ndimi zote zipande. Inawezekana kweli: ukikwangua ncha ya ulimi sauti inapanda, ukikwangua shina inashuka. Lakini shaba iliyokwanguliwa hairudi, na noti ni nyingi. Kijana akapima noti A kwa programu ya simu: hezi 435, yaani mitetemo 435 kwa sekunde. Za leo ni 440. Tofauti hiyo ni karibu sehemu ya tano ya nusu toni. Ndani ya kinanda kuna kibandiko cha Paris, na Ufaransa iliweka 435 kuwa kipimo chake rasmi mwaka 1859. Kwa maana nyingine, kinanda hakijaharibika, kiko pale pale kilipotengenezwa. Kinanda cha umeme kina sehemu ya kushusha sauti yote kidogo kidogo, tukakishusha hadi 435, kazi ya dakika moja. Fundi alichukia kidogo. Sisi tulifurahi, na baadaye mwaka huu uamuzi huo ulituokoa kwa namna ambayo hatukuitegemea (tazama Agosti).

17 Mei 2025: Mashine ya kaseti

Deki ya mitumba kutoka Mlango Mmoja, 90,000. Iliwaka taa, haikuzunguka. Mikanda ya mpira ya ndani ilikuwa imeyeyuka na kuwa lami. Kuiondoa kunataka spiriti na subira, na usiivute kwa nguo yako. Mikanda mipya 6,000, spiriti na pamba 5,000. Kifaa kidogo cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, 75,000.

Kaseti za Mayu zilikuwa chache. Kwenye mbili, kile kigodoro kidogo cha sponji kinachobana utepe dhidi ya kichwa cha kusomea kilikuwa kimedondoka, na sauti ilikuwa inakuja na kupotea. Usigundishe kigodoro kipya kama huna mkono mwepesi. Chukua kaseti nyingine isiyo na thamani ambayo mwili wake umefungwa kwa skrubu, toa utepe wake, hamishia wa kwako ndani. Kaseti za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za 60, hujikunja upesi, kwa hiyo zizungushe mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo, kwa kalamu, kabla ya kuzipiga.

28 Juni 2025: Bujora na Sengerema

Kwenye leja ya saba kuna wimbo wa matoleo ambao Mwalimu aliukata mapigo kwa namna tatu tofauti na hakuridhika na hata moja. Pembeni ameandika "Bulabo, Bujora". Bulabo ni zile ngoma za Wasukuma zinazochezwa kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vikishindana, pale Bujora alipoanzisha makumbusho Padre David Clement. Tukaenda mwezi huu huu wa Bulabo, tukiwa na simu na leja kichwani.

Mzee mmoja wa Bagalu alisikia mistari miwili tu ya wimbo wetu wa matoleo, akacheka mpaka akashika fimbo. "Wimbo naujua. Maneno yake ya asili siwaambii, nyie ni watu wa kanisa." Akaupiga kwa mikono. Ndipo tukaelewa tatizo la Mwalimu: miguu ya mchezaji inahesabu moja, ngoma inahesabu nyingine, na mwimbaji anaingia kati. Mistari ya leja haiwezi kuonyesha zote mara moja. Hati ya Mtaguso wa pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya Desemba 1963, inathamini muziki wa wenyeji katika ibara ya 119 na kusifu kinanda cha filimbi katika ibara ya 120. Mwalimu alijaribu kuziimba ibara zote mbili kwa pamoja, kwa kinanda cha miguu na ngoma za Bujora, na mara nyingine zilimgombanisha.

Tumeamua kuchapa namna zote tatu, na kuweka sauti ya mzee aliyepiga mikono. Aliridhia, kwa sharti kwamba maneno yawe ya kanisa.

Wiki hiyo hiyo Sengerema, kwa mzee aliyekuwa tenor na ambaye sasa anafuga ng'ombe. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19, kwa hiyo basi halisubiri tena kivuko, na kahawa tuliyozoea kununua pale foleni tumeikosa. Mzee alikuwa na kaseti kwenye kopo la biskuti, zimefungwa kwa nailoni, safi kuliko zote. Alizirekodi mwenyewe miaka ya 1980 na 1990 kwa redio kaseti, akiwa ameketi kwenye ngazi za kwaya.

"Mlikuwa mnatumia umeme, baba?"

"Kule juu soketi ilitoka wapi? Betri. Zikichoka naziweka juani, zikichoka tena nazigonga, nazirudisha."

Tulicheka naye na hatukuandika. Lilikuwa jibu muhimu kuliko yote ya siku ile. Nauli na chakula cha safari zote mbili: 48,000.

16 Agosti 2025: Kasi ya kaseti

Kaseti za Sengerema zilipoingizwa kwenye kompyuta zilikuwa na mngurumo wa chini, ule wa spika za kanisa. Tukausafisha kwa programu, sauti zikang'aa, tukaridhika.

Kisha mchapaji wetu akalalamika. Wimbo uleule kwenye leja umeandikwa Do ni F, lakini kwenye kaseti unaanza juu kidogo ya F na wimbo wa mwisho wa upande huo uko juu kwa nusu toni nzima. Wazee wakaapa kwamba hawakuwahi kupandisha. Mmoja akasema kwa uchungu kidogo kwamba labda siku hizo walikuwa na nguvu.

Jibu lilikuwa kwenye betri za mzee. Betri inapochoka wakati wa kurekodi, utepe unakwenda polepole. Ukiupiga baadaye kwa mashine yenye nguvu kamili, kila kitu kinakwenda mbio na kupanda. Kadiri betri zilivyochoka ndivyo kwaya ilivyopanda.

Na kipimo cha kurekebishia kilikuwa ule mngurumo tuliousafisha. Umeme wetu ni hezi 50, na spika mbovu hunguruma kwa hezi 50 au 100. Kwa hiyo ukiona kwenye kaseti mngurumo uko 101, ujue utepe unakimbia kwa asilimia moja. Ukiona 106, umekimbia asilimia sita, nayo ndiyo nusu toni. Ni kosa lilelile la wino mwekundu: tumefuta uchafu, kumbe uchafu ndio rula. Safari hii tulikuwa tumehifadhi sauti ghafi, kwa hiyo hakuna kilichopotea zaidi ya jioni zetu.

Jaribio la kukata kaseti vipande vifupi na kurekebisha kila kimoja liliacha ngazi zinazosikika kwenye maungio. Kilichofaa ni kutumia ile sehemu ya programu ya Audacity inayobadilisha kasi taratibu kwa mstari mmoja mrefu, tukifuata mngurumo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo umeme wenyewe haukuwa mnyoofu siku zote, kwa hiyo tulihitaji shahidi wa pili. Shahidi ni kinanda cha miguu. Kinasikika kwenye kaseti zote za zamani, na tunajua A yake ni 435 kwa sababu bado tunayo. Tukilinganisha, mngurumo na kinanda vilikubaliana karibu kila mahali. Kama yule fundi angekwangua ndimi, leo tusingekuwa na cha kulinganishia.

20 Septemba 2025: Toleo sahihi

Kamati ya kwaya imekaa kuamua toleo sahihi la kila wimbo. Kikao kimevunjika bila azimio, na sasa naona kilivunjika kwa haki.

Chukua wimbo mmoja wa shukrani. Uko kwenye leja nne. Ya kwanza ina sauti nne kamili, Do ni G. Ya pili, alto imeandikwa upya kwa noti tatu tu, na kwa wino mwekundu: "Alto wawili wapya, hawajazoea." Ya tatu Do ni E: "Sopra wana mafua, mvua." Ya nne besi wananyamaza mistari minane, kisha wanaingia, na Mayu anakumbuka kwamba msimu ule besi waliobaki walikuwa wazee wawili waliohitaji kupumua. Ipi sahihi? Mwenyekiti alitaka ya kwanza kwa sababu ndiyo kamili. Lakini tukichapa ya kwanza tunachapa wimbo, tunamwacha Mwalimu nje. Yeye hakuwa anaandika kwa ajili ya kitabu. Alikuwa anaandika kwa ajili ya waliokuja Jumatano.

Mfano ulionishinda kubishana ni wa mama mmoja wa sauti ya kwanza. Kwa miaka yote anaimba *fe*, yaani *f* iliyopandishwa nusu toni, mahali ambapo leja imeandika *f*, na kwa miaka yote wenzake wanamsahihisha. Kwenye kaseti moja ya Sengerema anasikika waziwazi, *fe* hiyo hiyo, kijana bado, sauti inapita juu ya wote. Tukafungua picha ya rangi ya leja iliyofuata. Mwalimu ameikata *f* kwa wino mwekundu, ameandika *fe*, na pembeni: "Mwacheni." Na sauti ya tenor hapo chini ameibadilisha ili ikubaliane na huyo mama.

Mama alipoonyeshwa ukurasa alisema tu, "Nilijua alinisikia," akadai aombwe radhi na altos wote, na aliombwa.

Uamuzi: hakuna toleo sahihi. Kila toleo linachapwa na tarehe yake na maneno yake mekundu. Kwaya itakayotaka kuimba ichague lile linalofanana na watu ilionao. Mwenyekiti hajakubali moyoni, lakini amesaini.

Uamuzi huo una bei. Wino mwekundu unataka uchapaji wa rangi. Tumechapa nakala kumi tu kwa 36,000 kila moja, za nyimbo chache zilizochaguliwa. Kwa fedha hizo hizo tungepata nakala nyingi zaidi za rangi nyeusi tupu, na wako wanaosema tumefanya anasa. Nasimama na anasa hiyo.

29 Novemba 2025: Baada ya Sesilia

Misa ya kumwombea Mwalimu ilifanyika Jumamosi tarehe 22. Kinanda cha miguu kilipigwa na binti aliyewahi kufundishwa naye. Kwenye wimbo wa matoleo mshono mmoja wa makintoshi uliachia kwa joto, hewa ikaanza kuvuja, akalazimika kukanyaga mara mbili zaidi hadi mwisho. Waumini hawakujua, ila Mayu alijua, akageuka kuangalia miguu. Mshono umerudiwa kwa gundi ya viatu pande zote mbili, pamoja na utepe wa kitambaa juu yake. Ningeanza upya, ningeweka utepe huo tangu mwanzo.

Wimbo wa Bujora uliimbwa kwa mkato wa pili. Waliochelewa kuingia walikuwa wengi, na nadhani hata Mwalimu angeandika jambo kwa nyekundu.

Gharama zote: picha 22,000, kinanda 58,000 pamoja na ushauri, deki na vifaa vyake 101,000, kifaa cha sauti 75,000, safari 48,000, diski mbili za kuhifadhia 340,000, vitabu 360,000. Jumla 1,004,000. Nusu ilitoka kwenye jumuiya, iliyobaki kwa familia na kwenye mfuko wa faini za wachelewaji, ambao Mwalimu mwenyewe aliuanzisha. Diski moja iko kwa Mayu, nyingine parokiani. Msiweke zote nyumba moja.

Bado: leja tano hazijachapwa, stensili chache zimekataa kuachana, na noti moja ya juu ya kinanda bado bubu ingawa chumba chake ni kisafi. Deki inaazimwa kwa kwaya yoyote ya Mwanza na visiwani, pamoja na mimi wa kuisimamia. Mwenye kaseti ya zamani alete kama ilivyo, asiijaribu kwanza kwenye redio ya nyumbani, na atuambie kama ilirekodiwa kwa betri.